Shoka la Dirhamu Moja: Je, Shahada ya Mitambo Mizito Inalipa?



Ndugu msomaji, somo la toleo hili halikuanzia kitabuni. Lilianzia kwenye jamvi letu Nyamirambo, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya futari. Mdogo wangu amemaliza sekondari ya ufundi wa magari, ana A2 yake mkononi, na usiku ule alikuja na karatasi za rangi za chuo kimoja cha nje ya nchi. Kinatoa shahada ya miaka 4 ya matengenezo ya mitambo mizito: katapila, greda, kreni, malori ya migodini. Mama alizitazama zote, akazikunja vizuri, akasema, "Kiwanja cha Nyamata kinaweza kumsomesha." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unayesoma dini. Tuambie kama inafaa."

Nikiri mapema: mimi nasoma fiqhi na usuli, na sijawahi kufungua hata nati ya baiskeli. Nilitaka kumjibu mama kwamba swali hilo ni la mjomba, ambaye ni makanika Gatsata tangu kabla sijazaliwa. Lakini nilipokaa nalo niliona kwamba nusu ya swali ni yetu sisi tunaosoma dini, na nusu hiyo ndiyo inayorukwa. Na si nyumba yetu tu. Kila mwaka kwenye jumuiya yetu huja ndugu wawili watatu na swali la aina hii, wengine wakiwa wameshauza kitu nyumbani.

Basi tulisome pamoja.

Mali ni ya nani?

Kabla ya kuuliza shahada inalipa au hailipi, uliza fedha ya kulipia ni ya nani. Kiwanja cha Nyamata aliacha marehemu baba. Tangu kazi za uwanja mpya wa ndege wa Bugesera zianze mwaka 2017, ardhi ya upande ule inazungumzwa kama dhahabu, na mama aliona ni neema kwamba tulikuwa hatujaiuza. Lakini baba alipofariki, kiwanja hakikuwa cha mama, wala changu mimi mkubwa. Babu na bibi upande wa baba walikuwa wametangulia, kwa hiyo warithi ni mama, mimi, mdogo wangu, na dada yetu wa mwisho. Gawa mafungu 40: mama thumuni yake ni mafungu 5, kila mtoto wa kiume 14, binti 7. Fungu la mdogo wangu ni 14 katika 40. Kuuza kiwanja chote kumsomesha yeye ni kumpa 26 ambayo si yake.

Mimi na mama tunaweza kumpa letu kwa radhi. Dada yetu hawezi. Hajabaleghe, na baba yake hayupo. Kwa lugha ya sheria huyo ni yatima. Mnajua Qur'ani inavyozungumza juu ya mali ya yatima katika Suratul An'aam na Suratul Israa: isikaribiwe ila kwa njia iliyo bora zaidi kwake yeye. Kwake yeye, si kwa kaka yake. Hata akisema "nimekubali kaka asome", ridhaa yake haihesabiki mpaka afike umri na akili ya kusimamia mali. Nilipolisema hili mezani palikuwa kimya. Mama hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwake watoto ni watoto, na kiwanja ni kiwanja cha watoto.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu nadhani ni jambo la kawaida sana kwetu. Baba anafariki, mirathi haigawanywi, miaka inapita, halafu siku moja mali inauzwa "kumsomesha kijana". Kijana anasoma kwa fedha ya dada zake na wala hajui.

Shoka

Hadithi niliyomsomea mama ni ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Sunan za Abu Dawud na Ibn Majah. Wapo wanazuoni wa hadithi waliodhoofisha sanadi yake, na ni amana kulisema hilo, lakini mafakihi wameitumia sana katika milango ya biashara na kazi. Mtu mmoja katika Maanswari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume hakumpa na hakumfukuza. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na kitambaa kizito ambacho upande mmoja walijifunika na mwingine wakatandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi mbele ya watu, mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja ikaenda kununua chakula cha familia. Ya pili ikanunua shoka, na Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake. Kisha akamwambia aende akakate kuni na kuuza, na asimwone mpaka zipite siku 15. Yule mtu alirudi na dirhamu 10.

Tazameni hesabu iliyomo ndani yake. Kilichouzwa ni kitambaa na bakuli, mali yake mwenyewe, na nyumba ikabaki. Chakula cha waliobaki nyumbani kilitengwa kabla ya chombo cha kazi. Chombo chenyewe kilikuwa cha bei ya chini kabisa inayoweza kuanzisha kazi. Hakuambiwa akopeshwe punda na mkokoteni. Na muda uliwekwa. Siku 15, kisha hesabu. Mtu angerudi mikono mitupu, ingejulikana mapema, na hasara ingekuwa dirhamu moja.

Sasa chukueni karatasi za rangi za mdogo wangu mkazilinganishe na shoka hilo. Miaka 4 bila hesabu yoyote katikati, nyumba nzima imewekwa rehani ya moyo, na ukijua mwaka wa nne kwamba huipendi harufu ya dizeli umechelewa.

Namba za mezani kwetu

Usiku ule ule tulichukua kalamu. Namba nitakazotaja ni makadirio yetu sisi, ya mjomba na ya marafiki zake. Wewe weka za kwenu. Ninachotaka uone ni namna ya kuhesabu.

Ada ya chuo kile kwa miaka 4 tuliiweka faranga 3,600,000. Chakula, chumba na nauli, 90,000 kwa mwezi kwa miezi 10 ya masomo kila mwaka, ni 3,600,000 nyingine. Vifaa, viatu vya chuma, ovaroli na kompyuta, 600,000. Jumla 7,800,000. Wengi huishia hapo, na hapa ndipo mjomba alipotuchekesha. "Na mimi nitamlipa nani?" aliuliza. Alikuwa na maana kwamba kijana mwenye A2 akiingia gereji leo hawi bure. Tuliweka 120,000 kwa mwezi, tukaiacha hivyo hivyo kwa miaka yote 4 ingawa ingepanda, ili tusionekane tunamkatisha tamaa. Hiyo ni 5,760,000 ambayo hataipata akiwa darasani. Gharama ya kweli ikawa 13,560,000.

Upande wa malipo, kosa la kawaida ni kutazama mshahara wa mhitimu ukadhani wote ni faida ya shahada. Faida ni tofauti tu. Tukikadiria kwamba mwenye shahada ataanza na 350,000 kwa mwezi, na kwamba kijana yule yule akibaki gereji miaka 4 angekuwa amefika 200,000, shahada imemwongezea 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Gawanya. Miaka 7 na nusu ya kazi kabla gharama haijarudi. Akikaa mwaka mmoja anatafuta kazi, amepoteza 2,400,000 zaidi ambazo gereji ingemlipa, na inakuwa karibu miaka 9. Miaka 4 ya kusoma, mwaka wa kutafuta, karibu 9 ya kurudisha: anakaribia miaka 35, na mahari bado.

Kisha tukahesabu njia ya pili. A1 ya miaka 3 hapa hapa Kigali, analala nyumbani. Ada tuliweka 1,800,000, chakula na nauli 1,200,000, vifaa 400,000. Mshahara alioukosa ni 4,320,000, lakini Jumamosi na likizo anafanya kazi kwa mjomba, tuseme 30,000 kwa mwezi, anarudisha 1,080,000. Jumla 6,640,000. Akianza na 300,000 badala ya 180,000 ambayo angekuwa nayo bila A1, tofauti ni 1,440,000 kwa mwaka. Inarudi kwa miaka 4 na miezi 7. Na baada ya hapo mlango wa A0 haujafungwa. Anaweza kuuingia akiwa na mshahara, na pengine kwa fedha ya mwajiri.

Mdogo wangu hakufurahi. Alisema tunaua ndoto yake kwa kikokotoo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu mpaka hapo tulikuwa hatujazungumzia mitambo yenyewe.

Mtambo mzito una nini cha ziada?

Wiki iliyofuata nilikwenda Gatsata kukaa na mjomba. Nitafupisha niliyojifunza, maana mafundi watanicheka.

Gari dogo tunalipima kwa kilomita. Mtambo mzito hupimwa kwa saa. Una saa yake inayohesabu muda injini inaponguruma, na huduma hupangwa kwa saa 250, 500, 1,000, 2,000. Nguvu ya mkono wa eskaveta inatoka kwenye mafuta ya haidroliki yanayosukumwa kwa mgandamizo wa baa kama 350, zaidi ya mara 100 ya upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo. Nyayo za chuma zinazotembeza buldoza, pamoja na roli na minyororo yake, zinaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo ya mashine hiyo. Na mtambo mmoja ukisimama, hausimami peke yake. Malori yanayongoja kujazwa udongo yanasimama, madereva wanakaa kivulini wakilipwa, na tarehe ya kukabidhi barabara inasogea. Ndiyo maana fundi anayejua kuuamsha analipwa kuliko fundi wa gari, na ndiyo maana kuna watu wanaosomea jambo hili mpaka shahada. Ferris State kule Michigan, Marekani, ni kati ya vyuo vichache duniani vyenye shahada kamili ya huduma za mitambo mizito.

Mjomba alinisimulia visa viwili. Cha kwanza, greda lililolala kando ya barabara siku 11. Mafundi wazoefu, watu wa mikono mizuri, walibadilisha pampu, wakabadilisha sili, wakamwaga mafuta na kuweka mapya. Kijana mmoja mwenye A1 alikuja na kompyuta, akasoma namba za kosa, akafuata waya mpaka mahali ulipochubuka. Kazi ya saa mbili. Mjomba alikuwa mmoja wa wale mafundi wazoefu, na alinisimulia bila aibu.

Cha pili kinakwenda upande wa pili. Alikuja mhitimu wa shahada, shati jeupe, akataka kuonyesha bomba la haidroliki linavuja wapi. Akapeleka kiganja. Mjomba alimpigia kelele iliyosikika mpaka barabarani. Tundu dogo kama la sindano kwenye bomba lenye mgandamizo ule hutoa mafuta yanayopenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kama mchomo wa mwiba, na kinataka upasuaji wa haraka la sivyo mkono unaweza kukatwa. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, na mkono ukae mbali. Yule mhitimu alikuwa amesoma haidroliki muhula mzima, na hakuna aliyemwambia.

Kwa visa hivi viwili nililielewa jambo ambalo namba zetu hazikulionyesha. Shahada ina thamani ya kweli: inafundisha kupanga matengenezo ya mitambo 40 kwa pamoja, kusoma umeme wa injini za sasa, kuchukua sampuli ya mafuta na kujua kutokana nayo ugonjwa kabla haujaua mashine. Silika ikizidi kwenye mafuta, vumbi linaingia mahali. Shaba ikizidi, kuna beringi au bushi inalika. Lakini thamani hiyo inakaa juu ya saa ulizokaa chini ya mashine. Bila saa hizo mwajiri anaona shati jeupe tu.

Kwa hiyo tulikiandikia chuo kile tukiuliza swali moja: katika miaka 4, mwanafunzi anapata saa ngapi kwenye mtambo wenyewe, na ni mitambo gani mliyo nayo? Walitujibu upesi sana, wakatueleza habari za mabweni na intaneti. Tukauliza tena. Hawakujibu.

Wanaofundisha kazi hii vizuri hawatenganishi viwili hivyo. Programu ya ThinkBig ya Caterpillar ni ya miaka 2, mwanafunzi anapishana kati ya darasa na karakana ya wakala. Addis Ababa, katika chuo cha Selam, Volvo pamoja na UNIDO na Sida walianzisha akademia ya mitambo mizito na malori ya biashara, na mtambo uko pale pale chuoni. Tanzania wana stashahada ya mitambo mizito Chuo cha Ufundi Arusha, na VETA Moshi wamefundisha mafundi wa migodini kwa kushirikiana na kampuni za madini. Hapa kwetu Rwanda Polytechnic, iliyoundwa mwaka 2017, ina vyuo 8. Cha Kicukiro kina teknolojia ya magari, na ngazi inapanda mpaka shahada ya teknolojia. Jina la mtambo mzito halijaandikwa kwenye cheti, lakini injini ya dizeli ni injini ya dizeli.

Fardhi ambayo tumeiacha kwa wengine

Hapa nina neno kwetu tunaosoma dini. Imam Ghazali, katika kitabu cha elimu kilichomo kwenye Ihyaa, anazihesabu kazi za mikono kama kilimo, ufumaji na ushonaji kuwa ni fardhi kifaya, maana mji ukikosa watu wake wote wanapata dhiki. Kisha anawalaumu wanafunzi wa zama zake: miji haina tabibu Mwislamu, na wao wanasongamana kwenye mijadala ya khilafu za fiqhi, kwa sababu huko ndiko kwenye vyeo. Nikisoma maneno hayo naona kama ananitazama mimi.

Wazee wetu wa Biryogo walikuwa madereva, makanika, washona nguo na wachuuzi. Hawakuchagua hivyo kwa mapenzi matupu. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu mlango wake ulikuwa mwembamba. Walijifunza mashine kwa kubeba spana za mtu mwingine. Walipata mikono bila karatasi, na mjomba wangu ni wa mwisho wa kizazi hicho: anatengeneza injini ambayo haruhusiwi kuiwekea saini. Sisi milango imefunguliwa, na naona tunakimbilia karatasi kana kwamba mikono ni aibu ya wazee. Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma, na katika Surat Saba ameamrishwa apime vizuri anapounga pete za deraya. Mtume (s.a.w.) ametueleza, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba alikula kutokana na kazi ya mkono wake. Alikuwa mfalme.

Jambo jingine la fiqhi ambalo fundi anapaswa kulijua kabla hajachagua njia. Mafakihi wanatofautisha ajiri khasi, anayemuuzia mwajiri mmoja muda wake, na ajiri mushtaraki, anayepokea kazi za watu wengi. Mhitimu akiajiriwa na kampuni ya ujenzi ni wa kwanza. Kitu kikiharibika mkononi mwake bila uzembe, hana dhamana. Akifungua gereji yake ni wa pili, na hapo wanazuoni wamekhitalifiana. Inapokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi kwa maslahi ya watu. Imam Shafi'i, kwa mapokezi ya mwanafunzi wake Rabi', aliona fundi hadhamini bila kuvuka mpaka, lakini hakupenda kulitangaza hilo kwa kuwachelea mafundi wabaya. Nilimsomea mjomba habari hii. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Ama anayejitia kazi asiyoijua, ipo hadithi katika Sunan kuhusu anayetibu bila kujulikana kwa utabibu, kwamba yeye anadhamini, na wanazuoni wameikisia kwa kazi nyingine. Pampu ya haidroliki ya eskaveta si kitu cha kujifunzia kwa mali ya mtu.

Mikopo, na miaka ya Musa

Baada ya kiwanja kutoka mezani, mdogo wangu aliuliza kuhusu mkopo. Wengi wetu tunasoma kwa mikopo inayosimamiwa na BRD, na sitawahukumia watu mikataba nisiyoisoma. Nitasema tu unachotafuta ukiwa na mkataba wako mbele yako. Ada ya huduma inayolingana na gharama halisi ya kuuendesha mkopo, Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliiruhusu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986. Kinachozidi gharama hiyo, na kinachokua kwa sababu ya muda kupita, ni riba, hata kikipewa jina la upole. Usitie saini halafu ukaja kuuliza baada ya swala ya Ijumaa. Njoo nao kabla.

Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya mwajiri anayekusomesha nawe ukamfanyia kazi miaka fulani. Ina asili nzuri. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan hana kitu, na mzee wa Madyan akamwekea sharti la miaka 8, na kama atatimiza 10 ni kwa hiari yake. Tazameni mkataba ule ulivyo safi: muda unajulikana, nyongeza ni hiari, na mzee anasema hataki kumtaabisha. Ukipewa mkataba wa kufungwa miaka kwa kampuni, uupime kwa huo. Ukitaka kuondoka mapema unalipa nini? Kimeandikwa, au kitaamuliwa siku hiyo?

Soko lipo, ila si la kulala. Bugesera inajengwa, barabara zinachimbwa, bwawa la Nyabarongo ya pili linajengwa. Uwanja ukiisha, mitambo inaondoka na mkandarasi, na makandarasi wengi wa nje huja na wahandisi wao. Nafasi inayobaki ni ya fundi na msimamizi wa kati, yaani mwenye mikono na karatasi kwa pamoja. Ng'ambo ya mpaka kuna migodi ya Geita, na Kolwezi kule iliyokuwa Katanga ambako karakana nzima inazungumza Kiswahili. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na Kongo imejiunga na jumuiya mwaka 2022. Kijana wa Nyamirambo mwenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa cha kuombea maji anaweza kufika mbali. Lakini aende na mkataba ulioandikwa, si kwa simu ya mtu anayesema "njoo tu".

Nikampa mama jibu. Kazi yenyewe ni halali na ni fardhi kifaya. Shahada ya miaka 4 nje, kwa fedha ya kiwanja, haifai: kwanza kwa sababu ya mafungu 7 ya binti, pili kwa sababu chuo kilishindwa kujibu swali la saa. A1 hapa, pamoja na Gatsata, inafaa. A0 baadaye, akiwa na kazi. Nilimwambia pia mdogo wangu kwamba huenda nimekosea. Labda angekwenda na kufanikiwa kuliko hesabu zetu zote. Alijibu kwamba ananisamehe ikiwa nitamnunulia viatu vya chuma. Nilimnunulia. Vilikuwa ghali kuliko kitabu chochote nilicho nacho.

Mirathi tumeigawa kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili wa msikiti wetu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya miaka mingi nyuma. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza. Kila Jumamosi mjomba anamwandikia kwenye daftari: mtambo gani, saa ngapi, kazi gani, kisha anaweka saini, saini ya mtu ambaye hakuwahi kuombwa saini. Juzi lilikuwa limefika saa 212. Mama analiweka kwenye kabati, pamoja na hati ya kiwanja.

Wallahu a'lam.